Babu Amevaa Meno

7 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua hii imeletwa na dereva wa lori la mayai, yule wanayemwita Trei. Ana kibali cha kupita barabarani wakati sisi wengine tumefungiwa ndani. Anashusha mayai huku kwetu kila Jumanne na kupakia huko kwako kila Ijumaa, basi nimembembeleza awe posta yetu. Ningekupigia simu, lakini wewe na simu mlitalikiana tangu masikio yako yazibe.

Kliniki imefungwa. Daktari wa meno alituambia tuchukue vitu vyetu twende nyumbani, na mimi nikachukua vitu ambavyo si vyangu. Nimebeba meno, Baba. Seti kumi na tisa za meno ya bandia ya watu, nyingine bado ni nta, nyingine zimebaki kupigwa msasa tu. Zimepangwa juu ya kabati la vyombo, kila moja na namba yake, na mjukuu wako mkubwa amezigeuza zielekee ukutani kwa sababu anasema zinamcheka anapofanya hesabu.

Baba Watoto analala hospitalini. Wafanyakazi wa chumba cha kufulia wamepewa mabweni wasije wakaleta ugonjwa majumbani, maana mashuka yote ya wodi ile yanapita mikononi mwao. Jumapili anakuja mpaka barabarani, anasimama chini ya dirisha letu na kupiga mluzi, ule ule anaoupiga kwenye ngazi akitoka kazini. Sisi tunampungia mkono kutoka ghorofa ya tatu. Anasimama robo saa, kisha anaondoka. Wiki nzima naishi kwa ajili ya ile robo saa, sikufichi.

Kanisa letu pia limefungwa, kwa hiyo tunasali hapa hapa saa moja jioni, mimi na watoto wawili na meza ya jikoni. Siku ya kwanza sikujua hata pa kuanzia. Mkubwa akaangalia kabati akasema, "Mungu, mbariki mwenye meno namba saba, maana sasa anakula uji tu." Kitinda mimba akadakia namba nane. Tukaenda hivyo hivyo mpaka kumi na tisa. Nilitaka kucheka nikajikuta nalia.

Sasa nina ombi. Wewe ndiye mwenye funguo za kanisa la huko, na najua unaingia kila siku kufungua madirisha. Watu wote wamezuiwa mlangoni isipokuwa wewe. Tuombee ukiwa mle ndani, hasa Baba Watoto. Tangu nikiwa mdogo nakumbuka ibada ikianza unaweka nyundo chini, karakana yako nyuma ya kanisa inakuwa kimya kabisa, na Mama ananiambia, "Baba yako anasali huko nyuma." Nikikumbuka ukimya ule napata nguvu.

Na meno niliyokutengenezea unayavaa? Usinizungushe.

Binti yako,
Patasi


10 Aprili

Patasi wangu,

Marahaba. Trei anapakia trei mia nne, kwa hiyo nina kama saa moja ya kukuandikia. Barua yako imefika ikinuka spiriti. Kama ni wewe uliyeipulizia, punguza, maneno yote ya pembeni yamegeuka mawingu.

Mimi ni mzima. Asubuhi naenda kanisani, nafungua madirisha upande huu na upande ule, upepo unapita, nafunga. Viti ni mia moja na arobaini na vyote ni kazi ya mikono yangu, wewe wajua. Havijazoea kukaa bure. Mbao bila mtu inakauka vibaya, viungo vinalegea. Basi nimeamua kuvikagua kimoja kimoja. Nina muda, na hakuna anayenisumbua. Juzi nilitembea mji mzima kutafuta gundi, nikakutana na paka wawili na askari mmoja, na aliyenisalimia ni paka.

Nawaombea kila siku. Mkwe wangu namtaja wa kwanza.

Meno nayavaa.

Mwambie mkubwa kwamba meno hayamcheki mtu, na kama yanacheka basi hesabu zake ndizo zinazochekesha.

Baba


21 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Wiki iliyopita nilikosa kuandika, kazi zimenizonga. Nimeamua kumaliza yale meno. Kuna bibi mmoja, namba kumi na nne, alinipigia simu akiongea kama ana pamba mdomoni. Anasema haoni aibu ya kula uji, ila anaishi peke yake, na jioni akijisomea kwa sauti hasikii hata yeye anachosema. Nikaona basi. Meza ya jikoni sasa ndiyo kliniki. Natumia msasa wako, ule laini ulionipa nilipomaliza chuo, na watoto ndio wasaidizi: mkubwa anasoma namba na kuandika maelekezo, mdogo anashika taa na kulalamika. Mayai yakishushwa Jumanne, Trei anachukua vifurushi na kuvipeleka mlango kwa mlango. Tumeshapeleka sita. Mmoja, anayekaa jengo la mbele yetu, alimpigia mdogo makofi akiwa dirishani kwake, na tangu siku hiyo hakai chini kwa maringo.

Sijawahi kuishi na wanangu hivi, Baba. Nilikuwa natoka alfajiri na kurudi wamechoka. Sikujua kwamba mkubwa anauma ulimi akiandika.

Baba Watoto hajambo, anakusalimu sana. Kazi imemzidi, Jumapili mbili hizi hakuweza kuja dirishani.

Naomba kitu kimoja. Niandikie ile sala ya Mama ya jioni. Nakumbuka mwanzo tu. Wewe uliisikia miaka thelathini na mbili, na huwezi kuwa umeisahau. Siku hizi naihitaji zaidi. Usiniulize kwa nini.

Patasi


(Kipande cha karatasi ya daftari la hesabu, kimekunjwa mara nne, ndani ya bahasha hiyo hiyo)

Babu shikamoo. Mama ametoka kumpa Trei vifurushi. Baba anaumwa, yuko wodini tangu Jumapili ya nyuma, yuko kwenye yale mashuka anayofua. Mama amesema tusikuambie kwa sababu ya moyo wako. Mimi nakuambia kwa sababu wewe unasali kanisani kabisa, sisi tunasali jikoni tu. Tafadhali omba kwa sauti kubwa. Usimwambie mama.
Mjukuu wako wa kwanza


24 Aprili

Patasi,

Najua kwamba mkwe wangu anaumwa. Usimgombeze aliyeniambia. Moyo wangu hauna kitu, umeshapigwa na kubwa kuliko hili na bado unadunda.

Nimekaa na karatasi hii tangu Trei aegeshe lori. Nimeanza mara tatu kukuandikia sala ya mama yako, na mara tatu nimechana. Sasa acha nipasue jipu, kwa sababu unaniegemea na mimi ni kiti kibovu.

Sisali, mwanangu. Nina miaka minane sijasali. Na ule ukimya wa karakana unaokupa nguvu haukuwa sala hata huko nyuma. Mchungaji wa wakati ule alikataza kugonga nyundo wakati wa ibada, basi mimi nilikuwa najilaza juu ya magunia ya vumbi la mbao na kulala usingizi. Mama yako alijua. Alikuwa anakuambia vile kwa kunistiri, na mimi nikamwachia.

Nilisali kwa dhati mara moja tu. Alipolazwa. Siku thelathini na moja nilikwenda kukaa kwenye kiti chake cha safu ya tatu, na nikaomba kwa maneno yangu yote, mimi mtu wa maneno machache. Siku ya thelathini na mbili wakaniita wakati narekebisha bawaba ya mlango wa pale pale kanisani. Nilimaliza kuikaza ile bawaba kwanza. Sijui kwa nini. Kisha nikaenda kumwona ameshafunikwa shuka.

Tangu siku ile sijamwambia Mungu neno. Nilibaki na funguo kwa sababu viti ni vyangu. Watu wakiniona naingia na kutoka wakadhani mimi ndiye mcha Mungu kuliko wote, na uwongo wa namna hiyo ukishaanza hauna pa kuuvulia.

Nilipokuandikia kwamba namtaja mkwe wangu wa kwanza, nilisema uwongo. Naweza kukudanganya kuhusu mengi, lakini kuhusu uhai wa mumeo siwezi. Tafuta mtu mwingine wa kukuombea, mtu wa kweli. Mimi nitakaa hapa nikiwaza tu juu yenu, na kuwaza najua.

Trei anapiga honi, hata mimi nimeisikia.

Baba


28 Aprili

Baba,

Barua yako imefika leo asubuhi. Leo asubuhi ndiyo pia wamenipigia kwamba wamemwekea mashine ya kupumulia.

Miaka minane ulikuwa na nafasi ya kuniambia. Ukachagua wiki hii.

Ungenidanganya tu. Ungeendelea kunidanganya mwezi mmoja zaidi, ungepungukiwa na nini? Nilikuwa nashika uzi mmoja tu.

Usiandike.

Patasi


1 Mei

Patasi,

Umesema nisiandike, naandika kidogo. Sikujua kuhusu mashine. Ungeniambia ningejua. Hapana, futa hilo. Nisamehe.

Nipe habari, hata neno moja. Mwambie Trei kwa mdomo tu.

Baba


8 Mei

Patasi,

Trei anasema umepokea barua, ukaishika kwa ncha ya vidole na kufunga mlango. Nilimuuliza uso wako ulikuwaje, akasema ulikuwa na barakoa. Mtu huyu kwenye mayai ni hodari, kwenye habari hafai hata kidogo.

Nimefika kiti cha themanini na tatu. Nakikalia kila kimoja kusikia kinavyolia. Si rahisi kwa kiziwi kama mimi, kwa hiyo naweka kiganja kwenye mbao, na kinachotetemeka kina ulegevu. Kila kiti namjua anayekikalia. Hiki cha mwalimu mstaafu kimeinama kushoto kama yeye. Hiki cha yule muuza vitambaa, kimechimbika mbele maana hukaa ukingoni akisubiri ibada iishe. Nikimaliza kukikaza nalitaja jina la utani la mwenyewe, basi, nakwenda cha pili. Nilifanya hivyo siku tatu ndipo nikagundua kwamba nafanya kama mjukuu wangu na yale meno. Sijui niliite nini. Sala siiti.

Mumeo hana kiti huku, alikuja mara mbili tu na mara zote alikaa pembeni na kusinzia. Nimemwekea kimoja. Nimekichonga upya, miguu mipya.

Baba


15 Mei

Patasi,

Sina habari. Nimekaa kizingitini tangu saa kumi na mbili nikimngoja Trei, naye hana kitu. Amekwepa macho yangu.

Nyumba hii ina vyumba vitatu na mimi natumia kona moja. Jana nilijikuta naliambia birika lisubiri. Niliposikia, au tuseme nilipohisi koo langu likitetemeka, niligundua kwamba sijasema neno kwa mtu tangu Ijumaa iliyopita.

Niambie lolote.

Baba


19 Mei

Babu shikamoo,

Mimi ndiye naandika kwa sababu mama haandiki. Baba alifariki. Ilikuwa Jumatatu ya wiki iliyopita. Walituambia mazishini wanaruhusiwa watu wanne tu na wasimame mbali, basi alikwenda mama na baba mdogo na watu wawili wa chumba cha kufulia. Sisi tulikaa kwa jirani wa ghorofa ya pili. Jirani alitupa biskuti, mdogo wangu akala zote na za kwangu.

Watu wa kufulia walisema wamemfunika shuka jipya kabisa walilolipiga pasi wao wenyewe. Mama alisema kwamba baba angependa.

Mama hali vizuri. Anakaa kwenye kona ya jikoni. Meno yamebaki matano na hayagusi. Saa moja ikifika haji mezani tena. Ananiambia, "Salini nyie, mimi nina kazi," lakini hana kazi, anashika tu kitambaa cha vyombo. Kwa hiyo nasali mimi na mdogo wangu. Nilipofika kwa baba sikujua niseme nini, maana tulikuwa tunasema apone. Sasa nasema nini, Babu? Mdogo wangu kila akisikia mtu kwenye ngazi anakimbilia mlangoni.

Mama alisema wewe huwa husali, kumbe. Alisema kwa hasira. Mimi sijakasirika. Ila nilitaka kujua, kama hujui, unaweza kujifunza? Mimi mwenyewe nilianza na meno tu.

Mjukuu wako wa kwanza


22 Mei

Patasi mwanangu,

Sina neno la kukupa pole. Niliambiwa mengi alipoondoka mama yako, yote mazuri, na hakuna hata moja lililoingia. Kwa hiyo nakuambia tu kwamba nimelia. Nimelia kizingitini mbele ya Trei, naye akaweka trei zake chini akasimama mbali kama wanavyotaka, akalia pia. Alikuwa anajua tangu wiki iliyopita akashindwa kusema.

Mumeo alikuwa mtu safi. Siku alipokuja kukuposa, shati lilikuwa limenyooka mpaka nikamshuku.

Najua jikoni ulipokaa. Mimi nimekaa hapo miaka minane. Sitakuvuta utoke, na wala sitakuambia usali. Ila sikuwa na watoto wadogo mezani wakinisubiri, na wewe unao. Sikulaumu. Niachie mimi zamu hiyo mpaka utakapoweza, hata kama ni mwaka. Nakuomba ruhusa hiyo tu.

Ile sala ya mama yako nimeikumbuka yote. Naifungia humu. Iweke kabatini, si lazima uifungue.

Baba


22 Mei

Mjukuu wangu wa kwanza,

Marahaba. Umeniuliza kama mtu asiyejua anaweza kujifunza. Sijui. Tujaribu. Mzee wa miaka sabini na nne akifundishwa na mtu wa miaka tisa, mmoja wao lazima ataelewa.

Ile simu aliyoninunulia mama yako iko kwenye droo ya misumari. Nimeitoa nikaichaji. Mimi sitasikia kitu, masikio yangu kwenye simu ni mbao tupu, lakini mdomo bado unafanya kazi. Kila siku saa moja kamili nitakuwa kanisani. Nitabonyeza namba moja, ndipo alipoweka namba yenu. Mkipokea, namba za sekunde zitaanza kukimbia kwenye kioo, ndivyo nitakavyojua kwamba mpo. Iweke simu mezani, ongeza sauti, na mimi nitasema. Nitasema sala ya bibi yako, kisha wenye viti vyangu, kisha wenye meno yenu. Mkitaka kunijibu mnijibu tu, ila msinitegemee nisikie.

Kuhusu baba yako: mimi pia sikujua niseme nini kwa bibi yako, ndiyo maana nikanyamaza. Nilikosea. Nadhani tutamtaja tu jina lake, basi.

Babu


2 Juni

Babu shikamoo,

Umepiga siku zote saba na tumepokea zote. Ila kuna tatizo. Hatuelewi unachosema. Siku ya kwanza tulidhani mtu anatafuna karatasi. Mdogo wangu akauliza kama Babu anakula. Tulivumilia siku nne kwa heshima. Siku ya tano uliposema jina la baba ikawa kama unapuliza mshumaa, na mama akatupa kitambaa kule kwenye sinki akapiga kelele, "Hajavaa meno! Mzee huyu hajavaa meno yangu! Mwambieni avae meno!"

Ni maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu siku ile. Halafu alikaa sakafuni, akacheka, akalia, na mdogo wangu akamkalia.

Mama ameweka kitu kwenye bahasha.

Mjukuu wako wa kwanza


(Kipande kidogo, mwandiko mwingine)

Baba,
Meno yale nilikaa nayo usiku na mchana wiki mbili nikiyalinganisha na taya lako. Sikuyatengeneza yakae kwenye glasi. Vaa.
Patasi


5 Juni

Patasi na wajukuu zangu,

Nimekamatwa. Meno nilikuwa siyavai tangu kanisa lifungwe. Nilikuwa nakula peke yangu, nikaona nitamvalia nani. Mtu wa peke yake anaacha vitu kidogo kidogo: kwanza meno, kisha shati, kisha kusalimu. Nimeyachemshia maji, nimeyasugua, nimeyavaa. Yananibana kwa hasira, lakini tutapatana.

Kila jioni nasimama kwenye safu ya tatu, mkono mmoja kwenye kiti cha mama yako na mwingine kwenye kile nilichomchongea mkwe wangu. Madirisha nayafungua kabisa. Leo nitasema polepole ili kila neno litoke na umbo lake, kama ulivyokuwa unanifundisha mbele ya kioo: b, p, m, midomo ikutane. Naangalia sekunde zinavyokimbia. Sisikii kitu. Nikimaliza nakaa kimya kidogo nikizitazama, sipendi kuwa wa kwanza kukata.

Mnaniuliza kama sasa naamini. Hamjaniuliza, lakini najiuliza mwenyewe kwa sauti zenu. Ninachojua ni kwamba ikifika saa kumi na moja naanza kutazama saa, na miaka minane sikuwa na sababu ya kuitazama. Mengine bado.

Babu, akiwa amevaa


9 Juni

Babu shikamoo,

Sasa tunakusikia vizuri sana. Hata jirani wa ghorofa ya pili anasikia, jana alisema asante kwa kumtaja, maana mimi nilikuandikia biskuti zake.

Jumamosi mama alimaliza namba kumi na nne. Alifanya kazi mpaka vidole vikawa vyeupe. Trei ataipeleka leo, na mama ameandika kwenye kifurushi, "Samahani kwa kukuchelewesha, tulikuwa na msiba." Bado nne.

Nakuandikia habari moja tu, kwa sababu wewe huwezi kuijua mpaka uandikiwe. Jana saa moja ulipiga. Ulisema sala ya bibi, ukasema wenye viti, ukasema wenye meno, ukamtaja baba. Mama alikuwa kwenye sinki. Ulipofika kwa baba alitoka pale, akavuta kile kiti cha baba ambacho hatukikalii, akakikalia. Wewe ukamaliza, ukasema amina, halafu ukanyamaza vile unavyonyamaza na tunasikia unavyopumua tu.

Mama akainama mpaka mdomo ukakaribia simu, akasema, "Amina, Baba."

Nikamwambia, "Mama, Babu hasikii."

Akasema, "Najua. Mwandikie."

Mjukuu wako wa kwanza